Kichwa kinauma kwa moshi, ushauri ni "kunywa maji". Tumechoka!

Wakuu, uzi huu una hasira, nisameheni mapema.

Mtu akisema kichwa kimemwanza baada ya saa mbili za foleni ya magari, au jirani kachoma takataka, majibu ni yaleyale: kunywa maji, punguza mawazo, meza mbili ulale. Hakuna anayemuuliza moshi ulikuwa wa nini, aliuvuta kwa muda gani, na maumivu yalipoa akiwa wapi. Hivi maswali matatu tu yanawashinda nini?

Moshi si kitu kimoja jamani. Wa kuni na plastiki una akrolini, gesi inayowasha macho na pua. Neva inayohisi mwasho huo puani ndiyo hiyohiyo inayohudumia utando wa ubongo. Ikichokozwa huku mbele, inamwaga kemikali zinazotanua mishipa ya damu kule ndani. Ndiyo maana mwenye kipandauso anaweza kulala chali wakati wenzake wanapiga chafya tu.

Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa jenereta, ni habari nyingine kabisa. Haina harufu, haiwashi, na inang'ang'ania himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi oksijeni mara 200 na ushee. Hata ukishafika kwenye hewa safi, inachukua kama saa 4 hadi 6 kupungua nusu damuni. Kichwa kinachogonga usiku kinaweza kuwa deni la jenereta ya alasiri.

Hapa ndipo panapoudhi zaidi. Mgonjwa anafika kituoni, anabanwa kipimo cha oksijeni kidoleni, kinasoma 98, anaambiwa yuko salama. Kifaa kile kinapima kwa mwanga wa aina mbili, na himoglobini iliyotekwa na kaboni monoksaidi inakionekea karibu sawa na iliyobeba oksijeni. Kinadanganyika, na aliyekishika anadanganyika nacho! Inatakiwa damu ipimwe kwenye mashine inayozitenganisha hizo mbili, tena mapema, kabla gesi haijaisha mwilini.

Programu za simu zinazoonyesha ubora wa hewa nazo zina yake. Namba nyingi ni wastani wa saa kadhaa, tena wa kituo cha vipimo kilicho mbali na barabara yako, kwa hiyo kilele cha nusu saa kinamezwa. Halafu rangi: chembe laini za PM2.5 zikifika mikrogramu 30 kwa mita ya ujazo, fahirisi ya Marekani ya ubora wa hewa bado inaonyesha njano, yaani wastani, wakati kiwango cha WHO cha 2021 kwa siku nzima ni 15.

Barakoa ya kitambaa kwa chembe hizo ni pambo. N95 inazuia angalau asilimia 95 ikibana vizuri usoni. Ndevu zikipenya pembeni, kwisha. Gesi zinapita zote mbili.

Kwenye gari, kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kinapunguza moshi wa lori lililo mbele. Ukikiacha saa nzima na abiria wanne, hewa mnayoitoa inajaa humo na kichwa kinauma kwa sababu nyingine.

Sasa hizo "meza mbili". Parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, inaweza yenyewe kuleta maumivu ya kichwa ya kila siku. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vyenye dawa zaidi ya moja ndani yake, siku 10 zinatosha.

Anayetaka ukweli ashike daftari wiki nne: saa maumivu yalipoanza, alikuwa wapi, moshi gani, dawa gani, na joto la siku hiyo. Joto msiliruke. Utafiti wa Boston wa 2009, wenye wagonjwa zaidi ya 7,000, ulikuta uhusiano ulio wazi na joto kuliko na uchafuzi. Kwa hiyo nanyi mnaosingizia hewa kwa kila kitu, tulieni kidogo.

Jenereta ikae mita 6 au zaidi kutoka mlangoni na madirishani, bomba la moshi likielekea nje. Na watu wawili wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, kisha wakipata nafuu wakitoka nje, msije kuuliza huku jukwaani. Tokeni wote, kisha nendeni hospitali na mtaje kaboni monoksaidi kwa jina, maana mkisema "kichwa" tu mtarudishwa na maji.