Vazi la umeme au vyuma: nichukue kipi?

Kiti_Kutwa: Wakuu, salaam. Nataka kununua lile vazi la umeme linalokaza misuli. Muuzaji anasema dakika 20 kwa wiki zinatosha. Au niachane nalo nianze vyuma? Kazi yangu ni ya kukaa, nikipanda ngazi kidogo tu nahema. Naomba majibu haraka, ananisubiri.

Nyundo: Umri? Una maradhi gani? Umepandikizwa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kifuani? Kifafa? Shida yako kitambi au nguvu? Hujasema kitu mkuu, tutakushauri nini?

MamaPacha: Vyuma, tena hata bila vyuma. Keti, inuka bila kushika popote, mara 10, pumzika, rudia. Shirika la Afya Duniani linataka misuli ifanyishwe kazi angalau siku 2 kwa wiki. Hilo halihitaji vazi.

Asha_K: Mimi nililivaa. Siku ya kwanza kabisa mwalimu akawa anapandisha umeme, ananiuliza "unaweza?", nami naitikia tu kwa sababu hakuna maumivu, ni mtetemo na misuli kujikunja. Kesho yake nilishindwa kuinua mkono nichane nywele. Siku ya tatu mkojo ukatoka kahawia. Hospitali wakaniambia misuli imevunjika, mabaki yake yameingia kwenye damu, figo ziko hatarini. Dripu, damu inapimwa kila asubuhi. Hakuna aliyeniambia kwamba wiki za mwanzo huwa ni za umeme mdogo.

Nyundo: Pole sana dada. Ila hata skwati za kupitiliza huleta hayo hayo, tusilaumu umeme peke yake.

Asha_K: Kaka, chuma kikinishinda nakiweka chini. Umeme unaukunja msuli hata ukiwa umechoka.

Fizio_2: Wote mna hoja. Umeme hupita kwenye neva bila kusubiri amri ya ubongo, ndiyo maana tunautumia kwa paja lililolegea baada ya upasuaji wa goti. Na mtu asiyefanya mazoezi kabisa huongeza nguvu kweli akiutumia. Lakini umelala au umesimama tu, haukufundishi kubeba mzigo wala kujizuia usianguke. Mjamzito asiuguse.

Kiti_Kutwa: Samahani wakuu. Miaka 47, natumia dawa za presha. Goti la kushoto lilipasuliwa mwaka juzi.

Nyundo: Goti! Hilo ndilo ungeanza nalo!

Fizio_2: Paja la kushoto limekuwa jembamba kuliko la kulia? Pima kwa futi ya fundi cherehani, pande zote mbili, umbali uleule juu ya goti. Na daktari wako aulizwe kabla hujalipa.

Kiti_Kutwa: Nitapima leo. Muuzaji kapiga tena, nimemwambia asubiri. MamaPacha, kwa hilo zoezi la kuketi na kuinuka, kiti cha ofisini chenye magurudumu kinafaa?

MamaPacha: Hapana mdogo wangu! Cha miguu minne, kiegemee ukuta. Kikiwa kifupi weka mto, usiliumize goti.