Sili za ncha kwa 13B yenye tabo: za Mazda au za chuma laini?

Rota2
Wakuu, habari za kazi. Injini yangu ya rotari, 13B ya Mazda (ile yenye rota za pembe tatu badala ya pistoni), iko mezani vipande vipande, kilichobaki kuagiza ni sili za ncha tu, vile vipande vya kuziba kwenye ncha za rota. Nichukue za Mazda zenyewe, au za chuma laini kama za kampuni ya Goopy? Mwingine ananisukuma kwenye seramiki. Injini ina tabo na sitaki kuifungua tena karibuni. Naombeni mawazo.

Fundi Kiraka
Mkuu, umeomba dawa bila kusema unaumwa wapi. 13B ipi? Tabo ya kiwandani au kubwa? Busti, yaani presha ya hewa ya tabo, kiasi gani? Hausingi (kuta ambamo rota inazunguka) mpya au zilezile? Nani atakutunia kompyuta ya injini? Usipotaja hayo, kila mtu atakupa sili anayoipenda yeye.

DadaWankel
Kwangu ni za Mazda. Ni chuma cha kusubu kilichotiwa ugumu kwenye ncha, na zinaelewana na kromu ya hausingi. Nimefungua injini zilizotembea miaka mingi na sili hizo, ukuta bado unang'aa. Chuma laini kinapinda badala ya kukatika, sawa, lakini sili iliyopinda hailali tena vizuri ukutani. Kompresheni inashuka, injini ikishapata moto ukiizima haiwaki.

Gia ya Nne
Dada, hata mimi niliapa kwa hizo za Mazda mpaka yaliponikuta. Nilikuwa nasukuma busti ya baa 1.1, injini imefungwa vizuri kabisa. Siku moja nikiwa gia ya nne, mguu chini, nikasikia "tak" moja tu. Nguvu ikakatika hapohapo. Ikawa inanguruma kwa kuchechemea, wala haitulii ikiwa sailensa, bila kukanyaga mafuta.

Kupima kompresheni, rota ya nyuma safi. Rota ya mbele, katika mapigo matatu moja lilikuwa zima na mawili yamekufa. Hapo nikajua ni ncha moja, maana sili moja inatenganisha vyumba viwili. Kufungua: sili imekatika konani, kipande kimechimba rota, kimechana hausingi, kimetokea ekzosi na kula mapanga ya tabo. Sili moja ikanipotezea rota, hausingi na tabo. Baadaye ndipo nikagundua waya za pampu ya mafuta zilikuwa zimechoka. Busti ikipanda pampu inakosa umeme, petroli inapungua, injini inagonga, yaani petroli inalipuka ovyo ndani.

Sasa hivi nafunga chuma laini. Iligonga mara moja wakati wa kutuni, nikaifungua: sili mbili zimepinda, vingine vyote vizima. Nikabadilisha sili nikaendelea na safari.

Fundi Kiraka
Pole sana kaka. Ila aliyekuua ni pampu. Ungefunga waya mpya, sili ileile ingekuwa inazunguka mpaka leo. Sili si fyuzi.

Gia ya Nne
Kwangu ni fyuzi, fundi. Kwenye tabo kosa litatokea tu siku moja, na nimeshachagua kipi kiharibike.

Rota2
Samahani kwa kuchelewa. Ni 13B-REW, tabo mbili za kiwandani nimezitoa, nimeweka moja kubwa. Nalenga baa 1.2. Kompyuta mpya, wa kutuni bado sijampata. Hausingi ni zilezile, kwa macho ni safi.

DadaWankel
Kwa macho haitoshi, ndugu yangu! Pitisha ukucha kwenye kromu, hasa pembezoni na kuzunguka matundu ya plagi. Ikiwa imebanduka, hata sili ya dhahabu italiwa. Pima na mifereji ya rota, maana sili ya zamani huwa imeipanua kwa kugongagonga. Sili mpya ya milimita 2 ina kimo cha milimita 8. Ikishuka chini ya 6.5 ni ya kutupa.

Oili Kwanza
Mbona hakuna aliyetaja oili? Pampu ya kiwandani inadunga oili ileile ya injini kulainisha sili. Mimi nachanganya oili ya tustroki kwenye tangi, mililita 10 kwa kila lita ya petroli, na hausingi zangu ziko vizuri.

Fundi Kiraka
Changanya, lakini pampu usiing'oe. Siku utakayosahau kuchanganya, sili zitazunguka kavu.

Oili Kwanza
Mwaka wa tano huu sijasahau. Kopo linakaa pembeni ya tangi.

Rota2
Na seramiki je? Si ndizo zilizoshinda Le Mans 1991?

DadaWankel
Ndizo, kwenye 787B, gari la mbio la Mazda. Lakini injini yake, R26B ile ya rota nne, haikuwa na tabo. Seramiki ni nyepesi na haiumizi hausingi, ila kupinda haijui kabisa. Ikigonga inapasuka. Na wewe hata wa kutuni huna.

Gia ya Nne
Wapo pia wanaochonga rota ziingie sili za milimita 3, kama zilivyokuwa 13B za kabla ya 1986. Ni nene, zinavumilia, ila ni nzito, na rota ukishaichonga hairudi.

Fundi Kiraka
Mtafute wa kutuni kwanza, sili uagize baadaye. Kwa baa 1.2, saa ya kuwasha plagi ikikosewa kidogo hakuna sili ya kukuokoa.

Rota2
Nimetoka kupitisha ukucha. Hausingi ya mbele laini kabisa. Ya nyuma inakwama karibu na plagi ya chini.

DadaWankel
Inakwama, au inakwaruza tu kidogo? Tupia picha, mwanga utokee ubavuni.