Mjadala: Seli ya Craig Venter ni uhai ulioumbwa na binadamu, au ni uhai wa kuazima?

Mchokonozi
Wadau, tulimalize hili. Mwaka 2010 mwanasayansi Craig Venter na wenzake huko Marekani walitangaza seli ya kwanza inayoendeshwa na jenomu, yaani seti nzima ya vinasaba, iliyotengenezwa maabara. Mpangilio wa vinasaba vya bakteria Mycoplasma mycoides, herufi zaidi ya milioni moja, ulikuwa kwenye kompyuta. Vipande vikatengenezwa kwa kemikali, vikaunganishwa ndani ya hamira mpaka jenomu ikatimia, kisha ikapandikizwa kwenye bakteria wa aina nyingine, Mycoplasma capricolum. Akaanza kuzaliana, na uzao wake wote ukawa mycoides. Venter alijigamba kwamba mzazi wa kiumbe huyo ni kompyuta. Sasa, binadamu ametengeneza uhai au hajatengeneza? Mimi nasema ametengeneza na kesi ilifungwa siku ile. Najua watu wa dini watakuja na mapovu kabla ya kufika mstari wa tatu, lakini karibuni.

Mzee wa Hoja
Nimefika mstari wa tatu na nikaendelea. Mkuu, kwa nini unaanza na dharau? Nitajie nani alitoka povu mwaka ule. Vatikani waliongea kwa utulivu kabisa: ikitumika kwa mema, kutibu maradhi, wao hawana neno. Gazeti lao likasema tu kwamba hapo uhai haukuumbwa, kilichobadilishwa ni sehemu moja. Aliyehangaika ni Obama, maana siku ileile ya tangazo aliiandikia tume yake ya maadili ya tiba akataka ripoti ndani ya miezi 6. Sasa Obama naye ni shehe au askofu?

Fundi Darubini
Mimi seli ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo niseme. Kutengeneza jenomu ile ni kazi kubwa, nawavulia kofia. Lakini jenomu ikiwa peke yake kwenye chupa haifanyi lolote hata uisubiri miaka mia. Utando, ribosomu (viwanda vya protini vya seli), vimeng'enya, nishati ya kuanzia, vyote walivikuta ndani ya capricolum ambaye alikuwa hai tayari. Hakuna aliyemimina kemikali kwenye chombo zikaanza kula na kuzaa. Kuku akiatamia mayai ya bata, vifaranga wakianguliwa hatusemi mwenye banda kaumba bata.

Mchokonozi
Kuku wako ana kasoro, Fundi. Akishaatamia anabaki kuku na anaondoka zake. Hapa kuku mwenyewe kageuka bata! Protini za capricolum zinasaidia mwanzoni tu. Kila seli ikigawanyika za zamani zinapungua, na mpya zote zinaundwa kwa maagizo ya jenomu ya maabara. Vizazi kadhaa baadaye nionyeshe capricolum yuko wapi.

Bint Upepo
Nimeingia kusoma habari za uhai nakuta ufugaji. Haya, endeleeni.

Mzee wa Hoja
Hujanijibu kuhusu mapovu.

NusuDarasa
Nyote mmechelewa. Uhai ulishatengenezwa zamani, 2003 au 2004 hivi, na Eckard Wimmer pale Chuo Kikuu cha Stony Brook, Marekani. Alichukua mpangilio wa vinasaba vya kirusi cha polio uliochapishwa, akaagiza vipande vya DNA kwa kampuni inayouza, vikaletwa, akaunganisha. Kirusi kikatoka kizima na panya wakapooza. Venter kaja kupiga picha kwenye jengo lililokwisha.

Fundi Darubini
Ilikuwa 2002. Na kirusi hakiko hai, aliyepita kidato cha pili anajua. Hakili, hakikui, hakizaliani bila seli ya mwingine. Hata huyo Wimmer, baada ya kupata RNA yake (ndiyo vinasaba vya kirusi hicho), aliitia kwenye rojo la seli za binadamu zilizosagwa ndipo virusi vikajijenga.

NusuDarasa
Kwanza, nani kakwambia sikupita kidato cha pili? Mtu anatoa hoja, wewe unamkagua vyeti. Pili, umesema kirusi hakizaliani bila seli ya mwingine. Na jenomu ya Venter ilifanya nini bila seli ya mwingine? Umejifunga goli mwenyewe, unashangilia.

Tafakuri
Naomba niongeze jambo ambalo nadhani ndilo kubwa. Mwaka 2016 timu hiyohiyo ilipunguza jenomu mpaka ikabaki na jeni 473 tu. Katika hizo, 149 hawakujua zinafanya nini. Walijua tu kwamba ukiziondoa, seli inakufa au inadhoofika vibaya. Yaani katika kiumbe rahisi kuliko wote waliowahi kuweza kukiotesha maabara, karibu theluthi ya maagizo hayasomeki kwa aliyeyaandika. Mnaniambia mtu ametengeneza kitu ambacho hajui theluthi yake inafanya kazi gani?

Fundi Darubini
@NusuDarasa Hapana mkuu, usichanganye. Seli ya Venter ikishapata jenomu inajitegemea: iwekee chakula, inakula, inatoa taka, inagawanyika yenyewe. Kirusi ukikiwekea chakula kitakuangalia tu.

NusuDarasa
Nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, hazai. Amekufa?

Fundi Darubini
Seli za nyumbu zinagawanyika mchana kutwa. Hili nalo nilieleze?

Bint Upepo
Kuku, bata, sasa nyumbu. Mwenye mbuzi aje tufunge zizi.

Mzee wa Hoja
Mimi wananichekesha kwa jambo moja. Ndani ya jenomu yao waliandika kwa alama za siri majina ya watafiti na maneno ya wasomi. Mojawapo lilikuwa la mwanafizikia Richard Feynman, na wakalinukuu vibaya! Chuo alichofundisha Feynman kikawatumia picha ya ubao wake kuwaonyesha alichoandika hasa. Muumba gani huyo anaumbuliwa na ubao?

Mchokonozi
Kwa hiyo kosa la nukuu ndiyo hoja yako? Mzee wangu, kwa heshima, hiyo ni hoja ya mtu aliyeishiwa.

Mzee wa Hoja
Sijaishiwa. Na kosa si hilo tu. Katika jeni moja muhimu ilikosekana herufi moja. Moja tu kati ya milioni! Kazi ikakwama karibu miezi mitatu, wanatafuta kwa nini seli haziamki. Asilia ipo miaka bilioni kadhaa inakosea kila siku na bado inaishi. Wenu herufi moja ikapotea, kimya.

Fundi Darubini
Hapo mzee umeteleza. Asilia nayo ikikosea kwenye jeni ile seli inakufa vilevile, sema maiti zake huzioni.

Mzee wa Hoja
Sijateleza, nimesema asilia inaishi. Seli moja kufa haikufuti niliyosema. Na kijana wetu hajanijibu kuhusu mapovu mpaka sasa.

Tafakuri
Naona nimepitwa kama nguzo. Jeni 149, jamani.

Mchokonozi
Dada Tafakuri, 149 kwa 473 haifiki theluthi. Ni asilimia 31 na nusu. Tuwe makini na takwimu tukitaka kuheshimiana.

Tafakuri
Niliandika KARIBU theluthi. Katika yote niliyosema, ulichookota ni hicho?

Mchokonozi
Sawa, nakujibu. Kutojua si kushindwa. Watu walikunywa dawa za maumivu vizazi na vizazi kabla ya kujua zinapita njia gani mwilini. Na jeni zisizojulikana zimeendelea kupungua. Ile seli ya 2016 ilikuwa ikigawanyika hovyo, nyingine kubwa, nyingine ndogo, nyingine nyuzi ndefu. Wakarudisha jeni 19, na mwaka 2021 wakaonyesha kwamba 7 kati yake ndizo zinazohitajika ili igawanyike vizuri. Unajifunza gari kwa kulifungua na kulifunga.

Tafakuri
Hapo angalau tunazungumza. Lakini ulichoeleza ni mtu anayejaribu na kuangalia kitatokea nini. Na zile 7, baadhi yake zenyewe hazikujulikana kazi yake. Walijua tu kwamba zikirudi umbo linakaa sawa. Mimi siwadharau, naona ni utafiti mzuri mno. Ninachokataa ni hilo neno lako la kwanza, kwamba kesi ilifungwa 2010. Kama ingefungwa 2010 wasingekuwa bado wanahesabu 2021.

Bint Upepo
Sasa nami niache utani. Mnabishana kama Venter kaumba au hajaumba, na katikati ya ubishi NusuDarasa katupia jambo la kutisha mkalipita: kirusi cha polio kwa vipande vya kuagiza. Hiyo 2002. Kisha watu wa David Evans kule Alberta, Kanada, wakatengeneza ndui ya farasi kwa njia hiyohiyo, wakaichapisha 2018, kwa gharama inayotajwa kuwa dola laki moja hivi. Ndui ya farasi ni ndugu wa ndui ya watu, ile iliyotangazwa kutokomezwa mwaka 1980 na sampuli zake zikabaki maabara mbili tu, Marekani na Urusi. Tulidhani kufunga milango miwili inatosha. Nani anakagua oda za DNA? Kampuni kubwa nyingi zinakagua kwa hiari yao. Kwa hiari!

NusuDarasa
Asante dada. Angalau mmoja kaona nilichosema. Ona sasa, kirusi kisicho hai kinavyotisha.

Mchokonozi
Woga huu ni wa kila zama. Mwaka 1975 wanasayansi walikutana Asilomar, California, wakaogopa kuchanganya vinasaba, wakajiwekea masharti. Dunia haikuisha. Kufika 1982 insulini inayotengenezwa na bakteria ilikuwa imeruhusiwa kwa wagonjwa. Chukua na artemisinini: Jay Keasling na wenzake walitia jeni za mmea kwenye hamira, hamira ikatoa asidi inayogeuzwa kuwa dawa ya malaria. Hayo hamuyataji, mnataja ndui.

Bint Upepo
Nilitaja ndui kwa sababu ndui inaua. Na hiyo hamira yako ilifika kiwandani kweli, kampuni ya dawa ya Sanofi wakazalisha, lakini bei ya artemisinini ya mmea ikashuka na kiwanda kikakosa kazi mpaka wakaamua kukiuza. Mkulima aliishinda maabara. Ungemalizia hadithi.

Mzee wa Hoja
Nakazia alipo dada. Na kijana asijifiche nyuma ya Asilomar, maana pale wanasayansi WALISIMAMA kwanza, wakakubaliana masharti, ndipo wakaendelea. Desemba 2024 wanasayansi 38 waliandika kwenye jarida la Science wakionya kuhusu uhai wa kioo: bakteria ambaye molekuli zake zote zimepinduliwa, mkono wa kulia kuwa wa kushoto. Hofu yao ni kwamba kinga za miili, za watu, wanyama na mimea, zinaweza zisimtambue, na vijidudu wanaokula bakteria wasimguse. Wakasema asitengenezwe mpaka pawe na ushahidi madhubuti kwamba hana hatari. Yupo mtafiti Kate Adamala, ambaye mwenyewe alikuwa kwenye utafiti huo akauacha. Na mwingine aliyetia saini unamjua? Craig Venter. Huyohuyo wako.

Mchokonozi
Watu 38 si dunia nzima.

Mzee wa Hoja
Wawili kati yao wana Nobeli. Wewe unayo ngapi?

Mchokonozi
Tumerudi kwenye vyeti. Na kama Venter ndiye shahidi wako leo, basi mkubali na alichosema 2010.

Fundi Darubini
Ngojeni kidogo, mnaruka mno. Hakuna aliye karibu kumtengeneza bakteria wa kioo. Walioandika wenyewe wanasema pengine ni miaka kumi au zaidi mbele. Sababu ni ileile niliyosema mwanzo mkaniletea kuku aliyegeuka bata: seli nzima kuanzia chini hakuna aliyeweza kuiunda. Kwa bakteria wa kawaida unaazima mwili ulio hai. Wa kioo utamwazima nani? Hayupo popote duniani. Siku mtu akimsimamisha huyo, nitakuja mwenyewe kusema uhai umeumbwa. Na siku hiyo sitashangilia.

Tafakuri
Hilo ndilo jibu zuri kuliko yote tangu tuanze. Kipimo kinaeleweka.

Mchokonozi
Ni kipimo cha kusogeza goli. Jenomu ikiundwa mnataka utando, utando ukiundwa mtataka ribosomu, zikiundwa mtasema kaboni yake ilitoka wapi.

Fundi Darubini
Kaboni sikuitaja. Usinilishe maneno.

NusuDarasa
Kabla hamjafunga, kirusi changu bado kipo mezani. Mwaka 2003 wanasayansi walieleza kirusi kiitwacho mimivirus, kikubwa mpaka hapo awali kilidhaniwa ni bakteria. Kina jeni zaidi ya 900. Seli yenu ya 2016 ina 473. Chenye 900 ni mfu, chenye 473 ni mzima?

Fundi Darubini
Idadi ya jeni si hoja. Mimivirus haina ribosomu hata moja, haiwezi kujiundia protini yoyote. Ikitoka nje ya ameba imekwama. Mara ya ngapi hii nasema?

NusuDarasa
Na klamidia nayo ikitoka nje ya seli haizaliani hata uifanyeje, na mnaiita bakteria na mnasema iko hai. Nakusubiri.