Mshono wa tumbo umefunguka: gozi, asali au sponji?

Binti wa Kihonda: Habari zenu wanajukwaa. Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa tumbo, mshono ukaota usaha na kufunguka, na daktari ameamua usishonwe tena bali kidonda kiachwe kijae nyama kutoka chini. Anaruhusiwa Jumamosi, na mimi ndiye nitakayemfunga kidonda nyumbani. Duka la dawa lina gozi za kulowanisha kwa maji ya chumvi, gozi zilizopakwa asali ya tiba kiwandani, na sponji ambazo moja tu inakaribia bei ya gozi za wiki nzima. Ninunue zipi?

Muuguzi Mstaafu: Binti yangu, umemwagiza fundi nguo bila kumpa vipimo. Kidonda kina urefu gani, na kimeingia ndani kiasi gani? Kinavuja sana au kidogo? Ndani ni chekundu, cha njano au cheusi? Mama ana kisukari? Sponji na pedi za aljineti, ambazo hutengenezwa kwa mwani, hunyonya, kwa hiyo hufaa kidonda kinachovuja; ukiziweka kwenye kidonda kikavu utakikausha zaidi.

Kaka wa Buguruni: Nunua gozi na usihangaike. Ni rahisi kupatikana, na kwa kuwa hubadilishwa kila siku, unakiona kidonda kila siku.

Muuguzi Mstaafu: Unakiona, ndiyo, lakini gozi ikikauka hushika, na ukiibandua inatoka na nyama changa iliyokuwa imeanza kuota. Tangu mwaka 1962, mtafiti George Winter alipoonyesha kwa nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi upesi kuliko lililoachwa likauke, hoja ya kukausha kidonda imekosa miguu. Kama ni gozi, ziwe na unyevunyevu tangu unapoziweka hadi unapozitoa, na zikishika zilowanishe kwanza, usivute.

Baba Tatu: Naomba niseme yaliyonipata, kwa sababu hakuna aliyeyagusa. Baada ya jipu langu la kiunoni kupasuliwa, nilikuwa nikienda kufungwa kila asubuhi katika zahanati ambayo sitaitaja, na kila siku mhudumu alikuwa mwingine. Walijaza vipande vidogo vidogo vya gozi, wakavishindilia kama mtu anayejaza godoro, na hakuna aliyeandika ni vingapi vimeingia. Wiki ya tatu juu palikuwa pamefunga vizuri, nami nikafurahi. Wiki ya tano pakavimba, pakanuka, na nilipopasuliwa tena kikatolewa kipande cha gozi kilichokuwa kimegeuka rangi ya chai. Dada, tumia utepe mmoja mrefu, ujaze bila kushindilia, uache ncha nje, na kama ni lazima kutumia vipande viwili, andika kwenye daftari kwamba ni viwili.

Mfuga Nyuki: Pole sana, ndugu. Mimi nashangaa asali imepitwa kwa mstari mmoja. Asali ya nyuki wadogo kutoka Singida haina haja ya kiwanda. Sisi hupaka moja kwa moja.

Muuguzi Mstaafu: Asali siikatai. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliona kwamba vidonda vya upasuaji vyenye maambukizi hupona upesi zaidi kwa asali kuliko kwa dawa za kuua vijidudu na gozi. Hata hivyo, asali ya tiba husafishwa kwa mionzi ya gama, ilhali ya mzinga inaweza kubeba mbegu za bakteria zisizokufa kirahisi. Tumbo la mgonjwa si mahali pa kuijaribu.

Mfuga Nyuki: Basi aichemshe.

Muuguzi Mstaafu: Ukiichemsha unaharibu kimeng'enya kinachoipa sehemu ya nguvu yake, na mbegu hizo hustahimili maji yanayochemka.

Kaka wa Buguruni: Na ile mashine ya kuvuta majimaji? Jirani yangu alifungwa nayo.

Muuguzi Mstaafu: Huvuta kwa shinikizo la takribani milimita 125 za zebaki, na majimaji huenda kwenye chombo chake badala ya kulowesha shuka. Ila jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2025 halikupata ushahidi wazi kwamba vidonda vya upasuaji vilivyoachwa wazi hufunga upesi zaidi kwayo. Tumsubiri binti atujibu.

Binti wa Kihonda: Samahani, mama, nilikuwa wodini. Urefu ni kama sentimita 12, na kidole kinaingia hadi kifundo cha pili. Kinavuja hadi kulowesha kanga usiku. Ndani ni chekundu, ila upande wa kitovu kuna utando wa njano. Kisukari anacho, leo asubuhi kilisoma 14.

Muuguzi Mstaafu: Hiyo 14 ni sukari iliyopanda, nayo ndiyo ungeanza nayo. Kabla ya Jumamosi mwombe daktari aitazame sukari na aamue kuhusu huo utando, kwa kuwa huenda ukahitaji kuondolewa. Kwa uvujaji huo mimi ningeelekea kwenye aljineti ndani na pedi nene juu.

Binti wa Kihonda: Aljineti dukani hakuna, nimeuliza. Nimechukua gozi za siku tatu na daftari.

Mfuga Nyuki: Na ile ya asali ya kiwandani ni ya nyuki gani, wameandika?