MJADALA: Goli la ugenini lina haki ya kuamua fainali?

Mleta mada, Kirumba

Wadau wa Mwanza na Kanda ya Ziwa, habari za jioni. Nina jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi ya tarehe 3 Juni 2023.

Usiku ule nilikuwa kibanda umiza huku Kirumba. Yanga yuko Algiers, marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger ya Algeria. Dakika ya 7 Djuma Shabani akaweka penalti wavuni, mabenchi yakapinduka, na kuanzia hapo hakuna aliyekaa tena. Ikaisha 1-0. Umemfunga mtu kwake, mbele ya watu wake, kwenye fainali. Halafu kibanda kizima kinatoka kimya.

Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja mvuvi, koti la mvua bado liko begani. Akanishika mkono: "Kijana, si tumeshinda? Mbona watu wanaondoka hivi?" Nikamweleza kwamba mechi ya kwanza, uwanja wa Kwa Mkapa Dar, tulifungwa 2-1, sasa jumla ni 2-2, ila wao walifunga mawili kwetu na sisi tumefunga moja kwao. Akafikiri kidogo, akauliza: "Kwa hiyo goli lao ni kubwa kuliko letu?"

Nilikosa jibu.

Kanuni hii, kwamba jumla ikilingana anashinda aliyefunga mengi ugenini, UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, waliianza 1965, wakitaka mgeni aache kujaza watu golini na kusubiri mechi ya kwake. Wakaifuta wenyewe kuanzia msimu wa 2021/22. Sisi Afrika mwaka 2023 bado tulitoa kombe kwa kuitumia. Msimamo wangu: mechi mbili zibaki, goli liwe goli popote lilipofungwa, jumla ikilingana watu wapige penalti. Karibuni, nipingeni kwa hoja.

Mdau, Nyakato

Mkuu, mimi ni Simba, na pole nakupa kwa moyo mmoja. Usiku ule sikushangilia.

Ila kanuni haikumwonea mtu. Rudi Kwa Mkapa tarehe 28 Mei. Mayele wa Yanga anasawazisha dakika ya 82, uwanja unatetemeka. Dakika ya 84 Merili wa USM Alger ameshafunga la pili. Dakika mbili tu! Timu zote zilijua kabla ya kuingia uwanjani kwamba goli la mgeni lina uzito. Ukijua hivyo, ukishasawazisha unatuliza mpira, unawarudisha mabeki nyuma, unakwenda Algiers na 1-1 yako. Kombe lilipotelea pale.

Sisi tumeumia bila kanuni yoyote ya kulaumu. Fainali ya mwaka 1993 tulitoka 0-0 na Stella kule Abidjan, tukasema kombe limeshafika, wakaja Dar wakatupiga 2-0. Fainali ya Shirikisho mwaka 2025 Berkane ya Morocco katupiga 2-0 kwao, tukarudiana Amaan Zanzibar, ikawa 1-1. Fainali inapotelea miguuni.

Dada wa Igogo

Kaka zangu, mnahangaika na tawi, mti mnauacha. Fainali iwe mechi moja. Filimbi ikilia kila mtu anajua nani bingwa, hata yule mzee mvuvi asingeuliza kitu. Wiki nzima ya kupiga hesabu za "tukifunga moja wao wakifunga mbili" inaua raha ya mpira.

Mdau, Mkolani

Dada yangu, mechi moja, uwanja gani? Mwaka 2022 fainali ya Ligi ya Mabingwa ilipangwa Casablanca, na aliyefika fainali ni Wydad wa hapo hapo Casablanca. Wapinzani wao Al Ahly ya Misri walilalamika sana. Wakacheza, wakafungwa 2-0. Msimu uliofuata CAF, shirikisho la mpira la Afrika, wakarudisha mechi mbili.

Na kuna jambo la sisi wa huku. Shirikisho mwaka huo huo fainali ilikuwa Uyo, Nigeria. Nani wa Mwanza angefika Uyo? Lakini mwaka 2023 watu wa mtaani kwetu walipanda basi hadi Dar, zaidi ya kilomita 1,100, wengine wamesimamisha biashara siku tatu, wakaiona fainali ya Afrika kwa macho yao. Mechi moja itatunyang'anya hilo na hatutarudishiwa.

Bodaboda, Buzuruga

Shikamooni wakubwa. Mimi naunga mkono mleta mada, na sababu yangu inatoka kwenye pikipiki.

Kijiweni tukisubiri abiria tunaangalia kwenye simu mbio zinaitwa spidwei, za Poland, Uingereza na Uswidi. Pikipiki ya cc 500, gia moja, inatumia methanoli, na breki haina kabisa. Wanatoka wanne, mizunguko minne kwenye uwanja wa udongo, kona zote za kushoto. Tairi la nyuma linaserereka, mguu wa kushoto umevishwa chuma unaburuza chini. Mimi naendesha kila siku, na nikiona mtu anaingia kona namna ile mikono yangu yenyewe inatafuta breki.

Ni mchezo wa timu. Wa kwanza alama 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hapati kitu. Ligi ya Uingereza mechi kwa kawaida ni mbio 15, kwa hiyo alama 90 zinagombewa. Fainali wanakutana mara mbili, kwangu na kwako. Ukipigwa 50-40 ugenini unarudi nyumbani unajua deni ni 10, basi.

Na mwenyeji kule ana faida kuliko hata kwenye mpira. Kila uwanja una urefu wake na kona zake, na udongo anauandaa mwenyeji, anajua pa kushika na pa kuteleza. Bado alama ya mgeni haiongezewi hata chembe. Fainali ikibana, mbio ya mwisho mnaweza kupishana alama chache tu kwa jumla, na anayepigania nafasi ya tatu ndiye ameshika kombe. Mtu mzima kwa mtoto anaelewa kinachoendelea.

Mdau, Nyakato

Mdogo wangu, hiyo ya udongo imenigusa. Lakini spidwei alama zinagawanywa mbio baada ya mbio, huwezi kukaa nyuma ukapaki basi. Kwenye mpira mgeni anaweza kuja kulinda dakika 90. Ukiondoa uzito wa goli lake, atakuja kulinda tu.

Mleta mada, Kirumba

Kaka wa Nyakato, hapo umenibana, na dakika mbili zile nakubali, zilikuwa zetu kuzilinda. Lakini angalia mwenyeji naye. Kanuni ile inamtia hofu kwenye uwanja wake: akifungwa moja anajua linauma kuliko lake, anaanza kucheza nusu nusu. USM Alger kwenye marudiano hawakuhitaji hata kusawazisha. Walikuwa nyumbani, wamefungwa, na bado kombe likawa lao. Kanuni iliyotungwa watu washambulie, usiku ule iliwalipa ambao hawakufunga hata moja.

Dada wa Igogo, hoja yako siikubali lakini nimeisoma mara mbili.

Kesho asubuhi nashuka soko la samaki la Mwaloni. Nikimkuta yule mzee nitamwambia hesabu ya Buzuruga, nisikie atasemaje.