Kuzuia kura mbili kwenye kontrakti: mapu ya adresi, mti wa Merkle au Semaphore?

KodiMbeya: Wakuu habari za jioni. Nimepewa kazi ya mfumo wa kupiga kura kwenye blokcheni, naandika kontrakti (programu inayojiendesha yenyewe kwenye blokcheni) kwa lugha ya Solidity, na kabla wiki haijaisha natakiwa nichague njia ya kuzuia mtu asipige kura mara mbili. Nimeona tatu: mapu ya kawaida (jedwali linaloweka alama kwa kila adresi iliyopiga, amepiga[msg.sender] = true), mti wa Merkle (muhtasari wa kihesabu) wa adresi zilizoruhusiwa, na Semaphore (itifaki ya kuthibitisha uanachama bila kujitaja). Nichukue ipi?

dada_solidity: Mkuu hujasema uchaguzi wa nani, wapiga kura wangapi, kura ya siri au ya wazi, gesi (ada ya miamala) analipa nani. Bila hayo tutapiga ramli tu.

mzee_wa_seva: Mapu inatosha. Hata mfano wa Ballot kwenye nyaraka za Solidity ndivyo ulivyo, ukishapiga unawekewa alama, ukirudi sharti la require linakukataa. Msimtishe kijana.

Kisiga: Mzee inatosha kwa adresi, haitoshi kwa mtu. Mimi waleti 50, kila moja na adresi yake, natengeneza kabla chai haijapoa, na kontrakti itaniona watu 50. Halafu KodiMbeya, hizo zako sio tatu za kuchagua moja. Merkle inathibitisha tu kwamba upo kwenye orodha, alama ya kwamba umeshapiga bado unaihitaji pembeni.

KodiMbeya: Samahani wakuu, nilikuwa na haraka. Ni SACCOS, wanachama kama 400, wanachagua bodi, kura ya siri. Blokcheni ni Polygon, gesi inalipa chama. Nilikuwa nawaza pia kila mwanachama apewe tokeni kulingana na hisa zake.

dada_solidity: Hisa hapana kaka, ushirika ni mwanachama mmoja kura moja. Na tokeni naomba nikusimulie yaliyonikuta. Tulifanya uchaguzi wa wanafunzi wa chuo kimoja, kila mmoja tukampa NFT moja (tokeni yenye namba yake ya kipekee), kontrakti inaangalia kama adresi inayo na kama adresi hiyo haijapiga, tukajaribu wiki nzima iko sawa. Siku yenyewe waliosajiliwa 212, saa mbili usiku kura zimefika 230 na bado zinapanda. Nikafungua miamala nikaikuta NFT namba 87 imepita adresi tisa, inapiga kura, inahamishwa, inapiga tena, inahamishwa, kama kijiti cha mbio za kupokezana. Alama ilikuwa inakaa kwenye adresi badala ya kwenye namba ya tokeni! Mstari mmoja tu. Uchaguzi ukafutwa, na mgombea aliyekuwa anaongoza kwa haki kabisa akanipigia simu analia, sikuwa na la kumwambia. Tangu siku hiyo tokeni ya kura nafunga kabisa isihamishike na alama naweka kwenye namba yake.

Kisiga: Pole sana dada. Kwa tokeni za kawaida ndio maana OpenZeppelin, wale wa maktaba ya kontrakti, wana ERC20Votes, inasoma nguvu ya kura kwenye bloku iliyopita, ukihamisha baadaye haikusaidii.

mzee_wa_seva: Na alama iwekwe KABLA ya kitu kingine chochote. The DAO, mfuko wa uwekezaji kwenye Ethereum, mwaka 2016 ilipoteza ETH milioni 3.6 kwa sababu salio lilikuwa linapunguzwa baada ya hela kutoka, mwizi akawa anaingia na kuchota tena kabla halijapungua.

Kisiga: Ile ilikuwa inatuma hela nje mzee, kura haitumi kitu, hakuna pa kuingilia tena.

mzee_wa_seva: Leo haitumi. Kesho mtu ataongeza zawadi kwa aliyepiga kura, mtanitafuta.

dada_solidity: Turudi kwenye siri. Ukitumia orodha ya adresi, katibu aliyezisajili anajua ipi ya nani, na blokcheni iko wazi, atasoma kura ya kila mtu. Semaphore inaondoa hilo, mwanachama anathibitisha yumo kwenye kundi bila kujitaja, na siri yake iliyo kwenye simu ikichanganywa na namba ya uchaguzi inatoa nulifaya (alama isiyotaja jina) ile ile kila akijaribu, kontrakti inakataa iliyojirudia.

mzee_wa_seva: Wanachama 400 wa SACCOS wana simu za kutengeneza huo uthibitisho? Karatasi na wino kidoleni mmezikosea nini?

KodiMbeya: Mzee mkutano uliopita karatasi zilizidi mahudhurio kwa 31, ndio maana wameniita. Naelekea Semaphore. Ila mama mmoja kaniuliza leo, simu yangu ikiibiwa katikati ya uchaguzi je? Nikimsajili upya anapata siri mpya na nulifaya mpya.

Kisiga: Na kontrakti haiwezi kujua kama alishapiga na ile ya zamani. Funga daftari kabla ya kura kuanza.

dada_solidity: Ukifunga unamnyima haki yake mama wa watu ambaye kaibiwa tu.

Kisiga: Usipofunga ukaanza kusajili upya, watano wenye nia mbaya watasema nao wameibiwa.

KodiMbeya: Hapo ndipo nimekwama tangu saa kumi. Kuna aliyewahi kulipita hili bila kuvunja siri?

mzee_wa_seva: Mama huyo simu yake ina namba ya siri kweli?