Mbunifu wa gemu au kiongozi wa mradi: wakuu, nichukue ipi?

Kinyonga_88: Habari za jioni wakuu. Mwaka wa 4 huu natengeneza gemu za simu. Kuna timu ndogo imenipa nafasi mbili nichague moja: mbunifu (sheria za mchezo, levo, adui atokee wapi) au kiongozi wa mradi (ratiba, bajeti, kusukumana na wachoraji). Wa pili analipwa zaidi kidogo. Naombeni uzoefu.

MzeeWaAtari: Ubunifu, bila kufikiria mara mbili. Shigeru Miyamoto aliingia Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, 1977 akitokea chuo cha sanaa, programu hajui kuandika. Mashine za gemu yao ya Radar Scope zikadoda Marekani, akaambiwa abuni kitu cha kuziokoa. Ndiyo Donkey Kong ya 1981, gemu iliyomleta Mario. Ratiba zingemla mapema, Mario tusingemjua.

DadaPikseli: Shikamoo mzee, ila umemruka Gunpei Yokoi aliyemsimamia kwenye kazi hiyohiyo. Kijana hakuwa peke yake.

Mimi namtazama Satoru Iwata, mwandishi wa programu. Gemu ya Mother 2 ilikwama miaka. Akaja, akaangalia programu ya waliokuwa wakiitengeneza, akawaambia wakiendelea na walichonacho ni miaka 2, wakianza upya naye ni nusu mwaka. Wakaanza upya, gemu ikatoka 1994. Kiongozi asiyejua kilichomo ndani asingethubutu kusema vile. Na uongozi una gharama zake: 2014 mashine ya gemu ya Wii U ilipodorora, yeye ndiye rais wa Nintendo, akajikata nusu ya mshahara kwa miezi kadhaa.

Fundi_Ilala: Hiyo gharama naijua, japo mimi mshahara nilikatwa, sikujikata 😂 Nimeongoza miradi miaka 2, sijachora hata levo moja. Mteja mmoja (simtaji) alitaka gemu ya hesabu ya watoto, akaibadili mara tatu, ya tatu akataka mpira wa miguu. Mbunifu wetu alilala usingizi wake. Simu za saa sita usiku zilikuwa zangu.

Nahodha_KLA: Kwenye timu ndogo hayo majina ni ya kwenye karatasi tu. Lual Mayen wa Sudan Kusini alikulia kambi ya wakimbizi hapa Uganda. Mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka 3 amnunulie kompyuta, naye akawa anatembea masaa 3 kwenda kuichaji. Gemu yake ya Salaam aliianza peke yake, kampuni ikaja baadaye. Angemwongoza nani?

MzeeWaAtari: Marahaba binti, Yokoi nimekubali. Kuna njia ya kati pia: Sid Meier alibuni gemu ya Civilization ya 1991 pamoja na Bruce Shelley. Ya pili, 1996, ubunifu ukaongozwa na Brian Reynolds, jina la Meier likabaki kwenye kasha la gemu.

Fundi_Ilala: Mzee, hiyo ya kubaki kwenye kasha kwanza uwe na kasha.

DadaPikseli: Kinyonga, hujatuambia jambo moja. Muda ukibana, nani anaamua levo ipi itupwe? Waulize kabla hujasaini.

Kinyonga_88: Nimewauliza leo. Anaamua kiongozi, mbunifu anaarifiwa. "Anaarifiwa" wameiandika kabisa kwenye mkataba.

DadaPikseli: Basi chukua uongozi, levo zako uzitupe mwenyewe.